Mteremko Ambao Haujafunguliwa Rasmi

Jumatatu, 4 Machi 1991

Bahati imenidondokea! Barua kutoka Nairobi: kila stesheni ya reli ijiandae kuwapokea walemavu, wawe wasafiri au watalii. Ijumaa anakuja mgeni rasmi kukagua. Katibu wa kamati itakayofanya vizuri atapelekwa semina Mombasa. Juma zima. Hoteli ya ufukweni. Chakula bure!

Mzee Wabwire, mkuu wa stesheni yetu, aliuliza nani atakuwa katibu. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Walter wa tiketi naye aliutaka ukatibu, lakini alikuwa dirishani akihudumia wateja. Shauri yake. Mimi Muhidin, karani wa mizigo miaka kumi na moja, sasa ni katibu.

Mkutanoni tulimwalika Seline Adero, fundi cherehani wa soko la Kibuye, anayetumia kiti cha magurudumu. Alisema Jumatano anasafiri kwenda Nairobi, Alhamisi ana mtihani wa serikali wa ushonaji. Akifaulu ataajiriwa kufundisha. Akalalamika kwamba kila safari hukata tiketi ya daraja la pili, kisha mimi humpakia behewa la mizigo pamoja na magunia ya omena. Eti humpima hata kwenye mizani! (Kweli, lakini kwa uangalifu.) Hataki kufika mtihanini akinuka samaki. Nikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: "Mwakilishi wa walemavu alitoa shukrani."

Jumanne, 5 Machi

Fundi Waliaula amejenga mteremko wa kupandishia viti vya magurudumu kwa mbao za mataruma ya zamani ya reli, kando ya zile ngazi tatu za mlango wa stesheni. Kazi safi. Nimeongeza vyungu sita vya maua, utepe mwekundu na kibao: USITUMIWE KABLA YA KUFUNGULIWA RASMI.

Pia nimemwagiza atengeneze jukwaa la mgeni rasmi. Ngazi tano, ndefu. Mkubwa lazima aonekane kutoka mbali. Walter alisema heri tungeanza na milango ya mabehewa, maana ni myembamba. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi

Aibu! Seline alifika saa kumi alasiri, akauelekea mteremko moja kwa moja. Nikamzuia kwa heshima. Nikamweleza kwamba mali ya umma haiguswi kabla ya kufunguliwa. Yeye nani amtangulie mgeni rasmi? Arudi Ijumaa. Akanikumbusha kuwa mtihani ni kesho. Nikamwambia asijali, behewa la mizigo liko tayari, na safari hii nimemtenga na omena. Nimemweka karibu na ngozi za mbuzi.

Alinitazama sana. Akasema, "Muhidin, omera, ndugu yangu, mimi si gunia." Akafungua kikapu chake, akatoa mkasi wa kazi na kuukata utepe. Yeye mwenyewe! Bila hotuba! Wanawake wa samaki wakapiga vigelegele. Walter aliacha dirisha lake saa za kazi, akaondoa vyungu vyangu na kumsukuma hadi ndani. Mlango wa behewa ukakikataa kiti, kwa hiyo wapagazi wakambeba Seline na kiti kikakunjwa. Treni iliondoka naye akiwa dirishani, daraja la pili. Mimi nilibaki nafunga fundo kwenye utepe. Iliniuma sana. Hakuna aliyekuja hata kunishikia ncha moja.

Ijumaa, 8 Machi

Mgeni rasmi ameshuka garini kwa magongo mawili. Hakuna aliyeniambia! Barua haikutaja miguu. Alilitazama jukwaa langu, ngazi ya kwanza hadi ya tano. Akanitazama mimi. Akahutubia akiwa chini mavumbini, sisi wafanyakazi tukiwa tumeketi juu, tukiuangalia utosi wake.

Kisha akauliza kama kuna mlemavu aliyekwisha kuutumia mteremko. Nikajibu kwa fahari: hakuna hata mmoja, mheshimiwa, tumeulinda! Walter akadakia kwamba yupo Seline, tangu Jumatano. Mgeni akampa Walter mkono kwa muda mrefu. Semina ni ya Walter. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, ila hawakusema kwamba atayanywa Walter.

Jumapili, 10 Machi

Jana nilikaa nikayatafakari makosa yangu. Nimelipata kosa: ulinzi haukutosha! Nimeufunga mteremko kwa mnyororo na kufuli. Anayetaka kuutumia aandike barua, nakala tatu, siku saba kabla. Ufunguo uko nyumbani kwangu Kisian ili usipotee.

Asubuhi hii treni imemrudisha Seline. Amefaulu! Wasimamizi waliisifu suti aliyoshona, na kazi ya kufundisha inaanza mwezi ujao. Nilimpongeza kwa moyo mweupe, nikamweleza utaratibu wa barua. Hakuandika hata moja. Walter na wapagazi walimnyanyua yeye na kiti chake, wakamteremsha kwenye ngazi wakiimba.

Pengo nimeliona mara moja. Ngazi zile hazina mnyororo. Kesho nitaomba wa pili.