Glasi Mbili za Ochola

Ochola hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono yao, na wengine wakamshukuru. Aliwahi kuuza dawa ya panya pale stendi ya Kitengela, unga wa ugali uliotiwa rangi ya bluu, na panya wa mtaa ule wakanenepa mpaka paka wakawa wanawapisha njia.

Sasa mwaka ule wa 2009, kiangazi kimekaza, Ochola alikuwa amejibanza kwenye duka la dawa za mifugo akikimbia jua. Macho yakaangukia chupa ya dawa ya kusafishia vyombo vya maziwa na pombe. Nyuma kumeandikwa: usichanganye na maji ya chumvi, itageuka nyeupe na haitaua vijidudu. Mtu mwingine angesoma akaenda zake. Ochola aliisoma mara tatu, kwa unyenyekevu, kama zaburi. Maji ya kisima ya Kitengela yana chumvi hadi sabuni inakataa kutoa povu, na nani hajui ni akina mama wangapi mjini humo wanapika pombe? Wote watahitaji maji laini, na mwenye maji laini ni Ochola. Kwamba hakuwa nayo ni jambo dogo.

Na ilikuwa lazima apate kitu haraka. Baba yake Caren, msichana aliyetaka kumwoa, kule Siaya, alikuwa amemwambia wazi kwamba ulimi hauna maziwa. Akitaka binti, aje na ng'ombe.

Ndipo akasikia habari za Nalotuesha, mjane mwenye boma upande wa Isinya, anayejiandaa kutengeneza pombe ya asali kwa sherehe ya mwanawe. Akasikia pia kwamba ana dume jekundu.

"Takwenya, yieyo," alisema Ochola akifika, akimsalimu na kumwita mama kwa Kimaasai alichojifunza njiani.

"Iko," akajibu mama, akamtolea kigoda.

Ochola akapanga glasi mbili juu ya mtungi. Ya kwanza akatia maji ya mama mwenyewe, akadondosha dawa. Ikawa nyeupe kama uji. Ya pili akamimina kutoka kwa chupa yake, akadondosha dawa ileile. Ikabaki safi.

"Hii imetoka Entarara, chini ya mlima kabisa," akasema. Uongo mtupu. Yalikuwa maji ya mvua ya Aprili, yaliyokingwa kwenye mfereji wa paa la kanisa, na hiyo chupa moja ndiyo ilikuwa akiba yote. "Ukiosha vibuyu na yako, yieyo, pombe itaharibika. Wazee wataendesha tumbo siku tatu, na jina mbaya itakuwa yako."

Nalotuesha akatazama glasi. Akatazama ng'ombe wake, mbavu zikihesabika. Akatazama glasi tena.

"Vibuyu yangu ni mingi," akasema polepole. "Naosha kila siku. Unaweza kuleta mitungi ishirini, kila asubuhi, siku kumi?"

"Hata thelathini."

"Basi thelathini. Pesa sina, lakini niko na ile dume. Siku ya kumi tutie dawa kwa maji yako mbele ya wazee. Ikibaki safi, fungua kamba uende na yeye."

Jamani, Ochola alirudi akiimba. Aliazima mkokoteni wa punda wa jirani yake Maundu, akamwahidi kumfanya msimamizi wa harusi yake. Kila alfajiri akateka maji ya kisima ya mwenye nyumba wake, chumvi tupu, akayapeleka Isinya akiyaita ya mlima; chupa ya mvua akaitunza kwa siku ya kumi. Mgongo ukauma, viganja vikachubuka. Lakini kila akifika alimwona dume ameongeza kanyama kidogo zaidi, ngozi inang'aa, na akafurahi, maana alimhesabu kuwa wake tayari. Hakujiuliza mnyama ananenepaje wakati nyasi zote zimekauka na majirani wanazika ng'ombe.

Siku ya kumi wazee watatu walikuwa wameketi. Ochola akaweka mfuko wake wenye chupa ndani kwenye kivuli, akaenda kushusha mitungi. Alipomaliza, Nalotuesha akamletea chai. Ilikuwa tamu ajabu, maziwa hayakukatika hata kidogo. Akanywa vikombe viwili, akasifu mikono ya mama. Kisha akafungua mfuko kutoa chupa yake.

Ilikuwa tupu.

"Nilikupikia na hiyo," akasema Nalotuesha. "Mgeni hapewi maji ya ng'ombe."

Wazee wakasogeza vigoda karibu.

"Chukua kwa mitungi yako," mzee mmoja akasema, akimsogezea glasi. "Tuone Entarara."

Ochola akatazama dawa mkononi, akatazama mitungi thelathini ya chumvi. Akaiweka glasi chini, tupu.

"Kibuyu chetu haioshwi na dawa," mama akamwambia, kwa upole kabisa. "Tunachoma ndani na kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, toka zamani za bibi zetu. Lakini ng'ombe wanapenda maji ya chumvi sana, na kisima ni mbali, na miguu yangu imechoka. Wewe ukaja na mkokoteni."

"Yieyo, na dume?"

"Si unamwona? Ako mzima. Ahsante." Akachukua kikombe chake. "Roda na wenzake wanaopika pombe Kitengela wananiuliza kama maji yako ni ya ukweli, wanunue. Sijawajibu bado. Kesho usichelewe, ng'ombe wamezoea kunywa mapema."

Jumapili mchungaji alipowaita nje, mbele ya kanisa, wanaotaka kuombea mvua, Ochola alifika wa kwanza. Alipiga magoti chini ya mfereji ule ule mkavu, mikono imejaa malengelenge, akalia machozi ya kweli. Wazee wa kanisa walisema hawajawahi kuona kijana anayehurumia ng'ombe wa wenyewe namna ile.