Goli Kabla ya Jirani

Ijumaa, 8 Juni

Kombe la Dunia limeanza! Nimepanga viti vyote sebuleni, hadi kile cha bafuni. Nimenunua karanga, biskuti na soda za kila rangi. Nimealika watu wa maana tu: dereva wa lori wa kiwanda cha magodoro ninakotunza stoo, Mama Pacha wa nyumba ya nyuma, na mwalimu mstaafu tunayemwita Refa, maana hawezi kuona mpira bila kueleza ofsaidi. Wote waliniambia watakuja. Wote!

Hakuja mtu. Wako kwa Kinyozi, ukuta mmoja na mimi. Nawasikia. Dereva anacheka kile kicheko chake cha injini inayokataa kuwaka. Hivi Kinyozi ana nini nisichokuwa nacho? Televisheni yangu ni kubwa kuliko yake. Viti vyake vyenyewe kavitoa saluni.

Mke wangu angekuwepo nisingejali. Lakini yuko kwa binti yetu, anamsaidia kulea mtoto mchanga, na hatarudi kabla ya Agosti. Miaka yote tumeangalia Kombe la Dunia pamoja. Hajui timu hata moja. Huchagua kwa rangi ya soksi, kisha anasinzia begani mwangu. Fainali sijawahi kuiangalia peke yangu, na mwaka huu pia sitaiangalia peke yangu. Naapa.

Na jambo jingine la kuudhi. Goli la kwanza nimelisikia ukutani kabla ya kuliona! Wenzangu wanarukaruka na kukumbatiana, kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Nikabaki namtazama kipa wa watu anarekebisha glavu zake. Nilimwonea huruma sana.

Jumapili, 10 Juni

Imetokea tena. Magoli yote ya leo nimepewa na ukuta. Siwezi kushangilia kitu ambacho jirani keshakitafuna.

Muuza vifaa vya umeme kanifumbua macho. Mimi naangalia kwa intaneti, na intaneti huchelewa. Kinyozi ana dishi, lake linawahi. Lakini antena ya kawaida, ile ya juu ya bati, inaweza kuwahi kuliko zote. Mpango ukaniingia kichwani hapohapo. Nitafunga antena. Nitaona goli kabla ya Kinyozi. Watu watajua mpira wa moto uko wapi, na watahamia kwangu mmoja mmoja. Refa atakuwa wa kwanza, yule hapendi kupitwa.

Jumatano, 13 Juni

Antena imesimama. Mimi nimelala, na kitambaa cha maji moto kiunoni. Nilipanda mwenyewe. Bati likaniteremsha. Nikatua juu ya kamba ya nguo ya Mama Pacha, nikaenda chini na shuka zake zote. Akanisaidia kuinuka, kisha akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia nilikuwa nakagua bati. Akasema wenzangu hukagua wakiwa na ngazi. Shuka nimezichukua nikazifue.

Lakini hiyo antena! Jioni mshambuliaji wa jezi nyeupe akaruka, akapiga kichwa, wavuni! Kwa Kinyozi kimya, hawana habari. Nikavuta pumzi nikapaza sauti: Goooli! La kichwa! Kona ya kushoto! Kimya kikazidi. Goli lilipowafikia, hakushangilia hata mmoja. Nilicheka mpaka kiuno kikanikanya.

Alhamisi, 14 Juni

Wamekuja! Wakati wa mapumziko mlango ukagongwa. Kinyozi, Refa, Mama Pacha na dereva, wamenuna wote. Kinyozi akasema mzee, kwa heshima zote, unatuharibia mpira. Refa akasema ndugu yangu, huo si uungwana hata kidogo. Mama Pacha akauliza shuka zake ziko wapi.

Nikawakaribisha ndani. Nikawaambia mtu hagombi vizuri akiwa amesimama. Wakakaa! Nikamimina chai. Refa akanilaumu huku anakula biskuti zangu. Dereva akaisifu televisheni, Kinyozi akamkata jicho. Wakataka niahidi kwamba sitapiga kelele tena. Nikawazungusha kwa maneno, huku nawaongezea chai. Kipindi cha pili kilipoanza wakatoka mbio, hata vikombe hawakumaliza.

Vikombe sijaviosha. Viko hapa mezani, navitazama. Tangu mke wangu aondoke sijapata jioni nzuri kama hii. Na sasa dawa yao nimeijua: nikiwaalika hawaji, nikiwaudhi wanakuja.

Jumamosi, 23 Juni

Nimewaudhi bila kupumzika. Kila goli nimelitangaza. Magoli yakikosekana natunga. Jana nilitangaza penalti ambayo haikuwepo, nikamsikia Refa anaanza kuwaeleza wenzake kwa nini ni halali. Leo nimeshangilia goli wakati wa tangazo la sabuni.

Mapumziko yakafika. Nikachemsha chai. Nikanyoosha vitambaa vya makochi. Nikasogeza kiti karibu na mlango ili nisiwacheleweshe. Wapi! Wameongeza sauti ya televisheni yao, basi. Mechi ilipokwisha mlango ukagongwa, nikakimbia na kiuno changu kibovu. Alikuwa Mama Pacha, kafuata shuka. Nikamwomba akae kidogo tu. Akasema ameacha watoto peke yao.

Chai nimeinywa mwenyewe, birika zima.

Jumanne, 3 Julai

Mke wangu kapiga simu. Nikamwambia nyumba inajaa watu kila mechi, hakuna hata pa kukanyaga. Akauliza mbona kimya hivyo. Nikamwambia wametoka kupunga upepo. Kisha akasema Mama Pacha kamweleza yote, pamoja na habari za bati. Lo! Hawa wanawake wanawahi kuliko antena.

Akaniuliza kwa nini nisitoke tu nikaenda kwa Kinyozi, mlango si ule pale? Nikamwambia mwenye televisheni kubwa haendi kukodoa macho kwenye ndogo. Hata cheko hakutoa. Akasema baba watoto, nimekukumbuka, nenda kakae na watu. Nikamwambia simu inakatikakatika, nikaikata mwenyewe. Nimemkumbuka mno. Nilibaki na simu mkononi, sina hata wa kumpigia mwingine.

Jumapili, 8 Julai

Fainali.

Mchana Kinyozi kaja mwenyewe, kavaa shati safi. Akasema wamenitengea kiti mbele kabisa, kile cha saluni kinachozunguka. Nizime ya kwangu, nije, tushangilie pamoja. Akasema mkewe kaapa kwamba nisipokuja atanifuata na mwiko. Nilikaribia kusema ndiyo. Mdomo ulishafunguka! Kisha nikashtuka. Huu ni mtego! Wanataka kunizima. Nikikaa pale nitaliona goli wakati uleule na watu wote, na antena yangu itakuwa imefanya kazi ya bure. Nikamwambia asante sana jirani, ila nina wageni. Akachungulia ndani, akaviona viti. Akasema haya mzee, wakichelewa njoo.

Mpira ukaenda mpaka penalti. Ya mwisho: mpigaji akakimbia, kipa akaruka kulia, mpira ukaenda kushoto. Wamechukua kombe! Na mtaa mzima hakuna anayejua isipokuwa mimi. Nikageuka kumwambia mtu.

Sikupiga kelele. Nilitaka, sauti ikakataa. Upande wa pili walikuwa wamebana pumzi. Kisha wakalipuka! Viti vikaanguka, Mama Pacha akapiga mayowe, Refa akalia waziwazi kama mtoto. Nikazima televisheni nikawasikiliza wao, mpaka wa mwisho akaaga akaondoka. Jamani, upweke unauma.

Jumatatu, 9 Julai

Asubuhi Kinyozi kanisimamisha njiani. Kanishukuru kwa kutowaharibia fainali. Halafu akasema kitu cha ajabu. Akasema walikuwa wananisubiri. Kila mpira ulipokaribia lango walitega sikio ukutani, na waliposikia kimya wakaanza kuulizana kama naumwa. Mkewe alikuwa ameshavaa viatu aje kunigongea, penalti ndizo zilizomrudisha. Kile kiti hakuna aliyekikalia. Akasema niingie kwake siku yoyote, hata kama hakuna mpira.

Siku nzima stoo nimelichambua jambo hili. Nimehesabu magodoro nikakosea, nikarudia, nikakosea tena. Jioni ndipo likanijia. Kumbe! Kosa langu lilikuwa kelele! Kinachowatesa ni kimya! Kombe la Dunia la vijana linaanza wiki ijayo. Kwa Kinyozi siendi ng'o, na sauti yangu hawataisikia tangu mechi ya kwanza. Wasiwasi utawaingia, watakuja wenyewe, wote, mbio.

Mazoezi nimeshaanza. Tangu nirudi kutoka kazini sijatoa neno hata moja. Hakuna aliyegundua.