Kiti cha Karibu na Jiko

Vienna, Jumanne, 26 Novemba 1946

Baridi. Hedwig amenipa onyo la mwisho: nisipomlaza penye moto kufikia Jumapili, anahamia Linz kwa dada yake, nami nibaki na mipango yangu. Wake za watu hutishia tu. Wangu ameshafunga sanduku.

Ukumbi wa mkahawa wangu, wenye jiko pekee la nyumba hii, umekaliwa na maofisa wa walioshinda vita: Mrusi, Mmarekani, Mwingereza na Mfaransa. Humo ndimo wanamogawa makaa ya mtaa. Sisi wenye nyumba tunalala stoo, pamoja na viti vibovu. Kila jambo lazima wakubali wote. Dirisha limekaa nusu wazi tangu Agosti: Mwingereza anataka hewa, Mrusi hataki, Mmarekani anasubiri jibu la wakubwa wake, na Mfaransa anasema kwanza tuelewane hewa ni nini.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi ninao wanne na wanakaa. Wanahitaji mchokozi. Nimejiteua.

Jumatano, 27 Novemba

Nimempelekea Mrusi kahawa ya shayiri. Nikamnong'oneza kwamba katika mikahawa ya Vienna, kiti cha karibu na jiko hukaliwa na mkubwa wa wote. Si uongo mtupu. Marehemu baba alimtunzia jaji mmoja kiti kile hata baada ya jaji kufa, na hakuna mteja aliyethubutu kukigusa.

Mrusi akaguna. Nikamwambia Mmarekani hivyo hivyo. Na Mwingereza. Na Mfaransa, aliyesema hilo analijua siku nyingi.

Hedwig kaniuliza nacheka nini. Nimemwambia afungue sanduku. Hakufungua.

Alhamisi, 28 Novemba

Vita. Mrusi kawahi alfajiri, kakalia kiti. Mmarekani kasema mwenyekiti wa mwezi huu ni yeye. Mwingereza, kwa adabu zote, kasema yeye hana haja nacho, ila na wengine wasikikalie. Mfaransa kapanda juu ya meza. Makaa hayakugawiwa. Mtaa mzima umetetemeka, nami nimo. Kwa furaha sikuhisi baridi. Sana.

Ijumaa, 29 Novemba

Wamekubaliana! Wote, kwa mara ya kwanza tangu waje. Jiko ling'olewe ukumbini, lipelekwe mahali pasipo na mkubwa. Mahali hapo ni stoo yetu.

Nimembeba Hedwig nikamzungusha. Akasema, Poldi, nishushe, utaumia mgongo. Nimeumia mgongo.

Jumapili, 1 Desemba

Jana ukumbi uliwashinda kwa baridi. Wamehamia stoo, meza na makabrasha yote. Nimerudishiwa ukumbi wangu rasmi, kwa saluti. Hauna jiko. Dirisha liko nusu wazi, na ni marufuku kulifunga mpaka wote wakubali.

Kiti nacho kimefuata jiko. Walitafuta mtu asiye wa upande wowote wa kukikalia, ili wapate kufanya kazi. Wakamchagua Hedwig. Kazi yake ni kukaa. Nimechungulia: amevua viatu, anafuma soksi, Mrusi anamwita mama, Mwingereza kamshikia uzi.

Nikamkumbusha kwamba leo ndiyo Jumapili, sanduku liko tayari, twende Linz wote wawili. Akaniuliza Linz kuna nini. Kisha akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na nifunge mlango, naingiza baridi. Wanne wote waliitikia kwa kichwa. Imeniuma, sifichi.

Naandika nikiwa juu ya meza ya biliadi, nimevaa koti na kitambaa cha meza. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Niliwaambia wote neno moja. Mtu mwenye akili humwambia mmoja tu.

Kesho nitamnong'oneza Mrusi, yeye peke yake, kwamba soksi zile anafumiwa Mwingereza.