Mtangazaji wa Laini ya Maombi

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu arobaini. (Si nguo za kweli, tulieni.) Na hao arobaini nilikuwa nimewakusanya mwenyewe.

Kwanza mjue nimepoteza nini. Wiki ijayo familia ya mchumba wa mdogo wangu Furaha inakuja kujitambulisha. Baba mdogo, mkubwa wetu kule Louisville, alinichagua mimi niwe msemaji wa familia. Mimi, kati ya wanaume wote. Alisema ananisikiaga kwenye laini, najua kupanga maneno. Miezi miwili nimefanya mazoezi ya hotuba bafuni.

Laini ni ile simu yetu ya maombi. Unapiga, unaweka namba ya siri, unawakuta ndugu zetu Wakongo wa Louisville, wa Columbus na sisi wa Buffalo. Jumamosi maombi huanza saa kumi. Lakini watu huingia mapema kupiga soga, na tangu saa nane mimi huwa nafanya usafi kwenye uwanja wa hoki ya barafuni wa chuo kimoja hapa, na mechi inachezwa. Basi tangu Novemba naweka kisikilizio sikioni, nashika mopu, nawatangazia mechi kwa Kiswahili.

Sikuanza kwa ubaya. Timu yetu ina kijana mweusi mmoja tu, namba kumi na saba. Mtangazaji wa uwanja akitaja wenzake, sauti inapanda hadi paa linatetemeka. Ikifika kwa kumi na saba, analimeza jina kama kidonge. Iliniuma, maana ndivyo wanavyolitaja jina langu kazini. Nikasema haya, kwangu atatajwa. Nikampa pasi ambazo hakutoa. Kisha nikampa mabao. (Mawili tu, mwanzoni.)

Watu walimpenda sana. Mama Neema, mjane wa kule Louisville, alikuwa anamfungia na kumwombea kila Ijumaa. Aliyebisha ni mmoja tu, shemeji yangu Bahati, aliyemuoa dada yangu na anaishi Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus.

"Shemeji, unatangaza kwa upendeleo," alikuwa anasema. "Namba tisa wa Columbus ndiye mukali. Nilimuona kwa televizyo."

"Huyo anabebwa na watangazaji," nilikuwa namjibu. Nilisema hivyo bila hata kuona haya.

Leo Columbus wamekuja kucheza hapa. Laini ilijaa, Baba mdogo mwenyewe akiwemo. Kipindi cha mwisho wao walikuwa na mabao matatu, sisi moja. Kwenye laini yangu ilikuwa tatu kwa tatu.

"Kumi na saba anachukua," nikasema. "Anampita namba tisa, namba tisa yuko chini kama gunia, anapiga, imeingia!"

Louisville nzima ikapiga kelele. Mama Neema akasema haleluya. Halafu nikasikia sauti ya Bahati, ya upole kabisa.

"Shemeji, umesimama wapi?"

"Kwa mlango wa nyuma, na mopu yangu."

"Bon. Inua macho, ngambo ya kushoto, kule juu."

Nikainua. Alikuwa ameketi pale na kofia ya Columbus, simu sikioni, ananipungia mkono. Wenzake wa kazini kule ghalani walikuwa wamekodi basi dogo wakaja naye, na hakumwambia mtu.

"Na huyu kijana wa suti iko karibu yangu, unamujua?"

Nilimjua. Ni namba kumi na saba, ana tai shingoni na plasta mguuni, anakula bisi.

"Anasema alivunjika mguu," Bahati akaendelea. "Donc iko wiki tatu hajacheza."

(Ndiyo, nilijua. Lakini ningemwambiaje Mama Neema?)

Mama Neema ndiye aliyesema wa kwanza, taratibu.

"Sasa zile wiki tatu mimi nilikuwa nafungia nani?"

Nikajaribu kujitetea. "Mama, mtangazaji wa hapa anapendelea, hamtajagi yule mtoto..."

"Na wewe?" Baba mdogo akanikata. "Wale bageni bakija, bataniambia kitu kupitia kwako. Nitajua namna gani kama ni ile balisema ao ni ile ulitaka baseme?"

Swali hilo linaniuma mpaka sasa. Akasema bon, Bahati ndiye atasema. Mkwe. Mtu aliyekuja kuoa kwetu ndiye atakuwa mdomo wetu, na mimi mtoto wa nyumba nipo.

Mechi ikaisha, nikabaki napiga mopu. Kumi na saba akashuka ngazi na magongo yake ya kutembelea, akapita mbele yangu, akanisalimia kwa kichwa tu. Nimempa mabao kumi na moja mwaka huu, na hajui hata naitwa nani.

Dada yangu amenipigia sasa hivi kunipa kazi yangu mpya ya siku ile: kugawa soda. Nimekubali. Nitagawa kwa haki, kila mgeni chupa moja, na nyinyi mtakaocheka hampati.