Orodha ya Ubaya wa Guarapari

Jumatatu, 12 Januari

Wananchi wote wajulishwe: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwavuli wa Adauto Resende ulisimikwa rasmi katika mchanga wa ufuo wa Guarapari. Saa nne na dakika kumi na mbili ulianguka.

Mke wangu Zulmira anataka tukistaafu tuuze nyumba yetu kule milimani, Minas, tuhamie hapa. Jibu nitatoa Jumapili. Amenipa daftari: huku faida, huku hasara. Faida: upepo, samaki, magoti yake hayamuumi. Hasara: bahari. Miaka thelathini nimemwambia naogelea. Hata kuelea sijui! Mkakati: auchukie mji mwenyewe.

Jumanne, 13

Nilikuwa nimepanga makusudi chumba juu ya baa yenye makelele kuliko zote. Zulmira alishuka kulalamika. Akarudi baada ya saa mbili, anacheka, na sahani ya samaki mkononi. Mwenye baa, Dona Ivone, keshamwita dada! Niliandika kelele kwenye hasara. Kaifuta, kaihamishia kwenye faida.

Jumatano, 14

Nilimwonya kuhusu jua kali. Nikajitoa kuwa mfano: sikupaka mafuta. Ushahidi umekamilika. Nafanana na kamba wa kuchemsha. Muuza jibini la kuchoma akaniuliza, "Mzee, umetoka Minas? Watu wa huko tunawajua kwa rangi." Ufuo mzima ukacheka. Zulmira naye! Jibini la kwenye kijiti, sisi watu wa Minas wenye jibini letu maarufu? Nikakataa katakata. Nikala vijiti vitatu.

Ijumaa, 16

Msiba. Anataka tuogelee wawili mpaka kwenye maboya. Nikasema nimetoka kula. Akasema tumekula saa tatu zilizopita. Nikasema nilikula tena. Akasema basi kesho, na kesho nisile.

Jumamosi, 17

Nimepigwa na wimbi refu kama kanisa, nikapambana nalo kiume.

Hapana. Maji yalikuwa ya magotini. Wimbi lenyewe, bibi mmoja alikuwa ameketi ndani yake akisuka nywele. Nikaanguka, nikamwita Bikira Maria kwa sauti. Zulmira akanivuta kwa kaptura. Akasema, "Adauto, nilijua tangu fungate. Mtu gani anaoga baharini kashika kamba ya mashua?" Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe. Akaongeza kwamba basi, nyumba hatuuzi. Nikalia kidogo. Nikasingizia mchanga.

Jumapili, 18

Nimeshinda. Zulmira anafunga mizigo, anasugua magoti. Sikuweza kumtazama. Nikatangaza tutarudi hapa kila Januari, mwezi mzima. Akanibusu utosini, palipoungua.

Dona Ivone alifurahi zaidi. Kumbe kila Januari wanawake wa mtaa huogelea mpaka kisiwani, na hawana mwanamume wa kuwatangulia. Akaniuliza kama naweza. Zulmira akanitazama, akangoja.

Yaliyotokea kweli, bila kuongeza neno, ni haya: nilisema naweza. Kisha nikauliza kama hakuna kisiwa cha mbali zaidi.