Gobore la Kikundi na Jua la Ijumaa

Jumatano, 11 Juni
Leo mimi ni mtu! Mama Millicent, mwenyekiti wa kikundi chetu cha utamaduni hapa Rodi Kopany, amenikabidhi gobore la kikundi nilisafishe. Ni bunduki ya wazee, ile ya kujazwa kupitia mdomoni. Hailii tena, polisi waliziba tundu la moto zamani. Jumapili kamati itakagua. Likipendeza, mimi ndiye mtunzaji, na siku ya sherehe nakaa mbele na beji. Walter, fundi wa baiskeli, naye anaitaka sana kazi hiyo. Akauliza mbele ya watu kama muuza mitumba anajua mdeki ni nini. Nikasema nani asiyejua? Nimefika nyumbani nikaangalia kwa simu. Kumbe ni ule ufito wa kusukumia vitu ndani ya mtutu.

Alhamisi, 12 Juni
Simu inasema anayeanza ahakikishe kwanza halina kitu ndani, hata akiapiwa. Nimelielekeza kwenye kichuguu, mbali na watu. Nikaingiza mdeki mpaka mwisho, nikaupima kwa nje. Urefu sawasawa. Tupu! Kisha, simu inasema: maji moto na sabuni, vitambaa mpaka vitoke vyeupe, kukausha papo hapo, mafuta. Basi! Mke wangu Nyamusi akasema nianze leo. Nikamweleza kwamba chuma kikioshwa mapema kinashika vumbi. Kesho jioni ndiyo akili.

Ijumaa, 13 Juni
Kitambaa cha kwanza kimetoka cheusi kama sufuria ya matanga. Kingine kimetoka na buibui, mzima, amekasirika. Baadaye, cheupe! Nimeimba. Nikamwaga maji ya mwisho, nikanyoosha mkono kuchukua mafuta. Nyamusi mlangoni. Jua limezama, Sabato imeingia. Nimeomba dakika kumi tu. Akauliza, Baba Bitutu, hizo dakika ni za nani? Nikalia kwamba mtutu umelowa, kutu itaanza kazi. Akasema basi ifanye kazi peke yake, sisi tunapumzika.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika jua likiwa limezama. Mahubiri yote nilisikia kutu ikitafuna. Halafu nikapata wazo: Walter ni Mkatoliki! Kutoka kanisani nikapita kwake. Sikumtuma, la hasha. Nilimtajia tu kwamba kuna gobore lililolowa kwenye baraza langu, na chupa ya mafuta ya cherehani iko kando yake. Alicheka mpaka akakalia spana. Akasema, omera, ndugu yangu, wewe hutaki kufanya kazi, unataka tu kazi ifanyike! Lakini alikuja. Alikausha, akakwangua kutu changa, akapaka mafuta, akasugua hata mbao. Mimi nilikaa nikitazama upande mwingine, nikimrekebisha.

Jumapili, 15 Juni
Kamati! Mama Millicent ameingiza kitambaa cheupe, kikatoka cheupe. Makofi. Akauliza ni mkono wa nani huu. Nikafungua mdomo taratibu, kwa unyenyekevu. Nyamusi akasema: wa Walter. Walter, ametoka misa na shati limepigwa pasi, akasema vile vitambaa vyeusi vyote ni vyangu. Sijui kama ile ilikuwa sifa. Uamuzi: Walter mtunzaji, mimi msaidizi. Beji ni moja. Lakini Walter amenivutia kiti karibu na chake, akasema wasaidizi pia hukaa mbele. Mtu mzuri. Inaudhi.

Jumatatu, 16 Juni
Nimewaza. Msaidizi yuko hatua moja tu nyuma ya cheo! Na gobore lililopakwa mafuta hukaguliwa tena baada ya siku chache, kutu isirudi. Walter anakwenda Mbita kwa mazishi, harudi mpaka Jumapili. Ameniachia kila kitu, akaniomba nisichelewe. Nichelewe vipi? Nitaliosha upya lote, na maji na sabuni, kamati ione mkono wangu mwenyewe. Nyamusi anasema nianze kesho asubuhi. Haraka ya nini? Ijumaa inatosha, mchana mweupe kabisa. Saa kumi na moja na nusu hivi.