Chuma cha Tano

Leo nimejiaibisha mbele ya ukoo mzima, na picha ya marehemu Baba inanitazama.

Ilikuwa arobaini yake, nyumbani kwetu Magarini. Baba aliacha lori la kale. Alikuwa amelifungua nyuma alitengeneze, mauti yakamkuta kabla hajalirudishia. Baba mdogo alishasema liuzwe chuma chakavu. Nikamwahidi Mama kwamba siku ya arobaini litaingia uani likitembea lenyewe.

Wiki nzima nimelala chini yake. Springi za kawaida Baba alizitoa zamani, akaweka za koili. Ekseli ya nyuma, ile inayobeba magurudumu, aliishikiza kwa vyuma virefu alivyovitengeneza mwenyewe. Nikafunga vinne. Kikabaki kimoja. (Shule niliishia darasa la nane, lakini mpaka tano najua kuhesabu.) Nikasema hicho ni cha akiba. Nikakisugua, nikakipaka rangi ya fedha, nikakiweka mezani kando ya picha ya Baba, kumbukumbu ya mikono yake. Shangazi akakizungushia maua.

Asubuhi nikaenda kuchukua viti kanisani. Kwenda, salama. Kurudi na mzigo, kila kona kichwa cha lori kinaenda huku, matako yanaenda kule. Nikaingia uani upande upande kama kaa, wageni wote wakiona, nikaangusha ua wa makuti wa bafu. (Hakukuwa na mtu ndani. Ashukuriwe Mungu.)

Baba mdogo akauliza, "Huyu anakuja au anapita?"

Fundi Katana, rafiki wa Baba, akachungulia chini. Akaniuliza kiko wapi chuma kinacholala mkingamo, kile kinachozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Nikamjibu kwamba sikijui. Akaenda mezani kumpa marehemu heshima. Akasimama, kichwa ameinamisha. Nikadhani analia.

"Mwanangu," akasema, "mbona umekivisha maua?"

Watu wakaangua kicheko. Na Mama! Tangu mazishi hajacheka, leo alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alipojifuta machozi, akamgeukia shemeji yake.

"Lori haliuzwi. Mwenyewe, hata kaburini, bado anatuchekesha."

Fundi Katana akavua koti lake la ibada, akaingia chini, akakifunga. Malipo alikataa, akaomba chai tu. Nimemshukuru mpaka akanifukuza.

Maua hatukuyatoa. Kwa hiyo mkipishana na lori kuukuu lililovaa maua chini ya tumbo, tafadhali msicheke. Mama ameshacheka kwa niaba yenu.